Usurealisti na Wasanii wa Kike: Kipimo cha Paris na Kipimo cha Ekerenyo

Historia ya sanaa, kama ilivyo historia ya fasihi, ina tabia ya kupanga kazi chini ya majina ya mikondo, kisha kuyaachia majina hayo kazi ambayo ingepasa kufanywa na macho. Msanii akishaitwa msurealisti, picha yake haitazamwi tena. Hutafutiwa tu ushahidi wa jina lake. Tabia hii humdhuru msanii yeyote, lakini wasanii wa kike imewadhuru mara mbili. Kwanza waliachwa nje ya mkondo ambao wao wenyewe waliujenga pamoja na wanaume. Baadaye, walipoanza kurudishwa, jina lilelile lililowafungia mlango liligeuzwa kuwa zawadi ya kupewa kila mwanamke achoraye umbo lisilofanana na maumbile, awe wa Mexico, wa Martinique au wa Kenya.

Makala haya yanakusudia kuuliza iwapo jina hilo lawafaa wasanii wa kike wa Afrika ya Mashariki, na kama haliwafai, ni kipimo gani kitumike mahali pake. Ili swali lisielee hewani limewekwa mahali maalumu, nako ni Ekerenyo, kituo cha biashara katika Mugirango ya Kaskazini, Kaunti ya Nyamira, kwenye vilima vya chai na migomba vya Abagusii. Ekerenyo si mji wa makumbusho ya sanaa. Hata hivyo, mwanafunzi atokaye huko aweza kufika chuo kikuu akiwa amekwisha kusikia habari za viumbe wa ajabu kuliko wengi waliochorwa Paris, na kuzisikia kutoka kinywani mwa mwanamke. Jambo la kuamua ni kama somo la historia ya sanaa litamwambia auweke kando ujuzi huo, au litamfundisha kuutumia.

Kiti kimoja cha mwanamke

Neno usurealisti, katika asili yake ya Kifaransa, lilibuniwa na mshairi Guillaume Apollinaire mwaka 1917. André Breton ndiye aliyelifanya jina la mkondo katika ilani yake ya mwaka 1924. Kwa ufupi, ilani ile ilidai kwamba akili ya mtu wa Ulaya imefungwa na mantiki, na kwamba ndoto, maandishi yasiyoongozwa na fikra, na mkutano wa ghafla wa vitu visivyohusiana, vyaweza kuifungua. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimekwisha miaka michache tu iliyopita, na mantiki hiyohiyo ndiyo iliyokuwa imeunda gesi ya sumu. Kwa hiyo hasira ya wasurealisti ilikuwa na sababu, wala haifai kudharauliwa. Yafaa pia ikumbukwe kwamba mwaka 1931, Paris ilipofanya maonyesho makubwa ya kujivunia makoloni, wasurealisti waliyapinga hadharani.

Lakini katika uhuru huo mwanamke alitengewa kiti kimoja tu. Mwezi Desemba 1929 jarida la kundi hilo lilichapisha picha za wasurealisti 16, wote wanaume, wote wamefumba macho. Wamepangwa kuzunguka mchoro wa René Magritte wa mwanamke aliye uchi. Mpangilio huo waeleza nadharia nzima kuliko ilani: wanaume 16 ndio waotao, mwanamke mmoja, asiye na jina, ndiye aotwaye. Yeye ni chanzo cha ilhamu, ni msitu, ni fumbo. Hakutazamiwa kuwa na ndoto zake mwenyewe, sembuse brashi.

Hata hivyo brashi zilikuwepo. Mwaka 1936 Meret Oppenheim, akiwa na umri wa miaka 22 hivi, alikivika manyoya kikombe cha chai pamoja na kisahani na kijiko chake. Leonora Carrington, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1917, akahamia Mexico mwaka 1942 na kufariki mwaka 2011, alichora farasi, fisi na wapishi wenye siri. Alipoulizwa uzeeni habari za kuwa chanzo cha ilhamu kwa wanaume, alijibu kwamba hakuwa na nafasi ya kazi hiyo, kwani alikuwa akishughulika na kuwaasi wazazi wake na kujifunza uchoraji. Remedios Varo, Mhispania aliyehamia Mexico, alichora mwaka 1961 wasichana waliofungiwa mnarani wakitarizi kitambaa kinachomiminika kupitia madirishani na kuwa ardhi ya dunia. Mmoja wao ametarizi humo kwa siri njia yake ya kutorokea. Naye Frida Kahlo, ambaye Breton alimkuta Mexico mwaka 1938 na kumtangaza kuwa msurealisti, alilikataa jina hilo. Alieleza kwamba hakuchora ndoto. Alichora maisha yake kama yalivyokuwa.

Kukataa huko kwa Kahlo hutajwa mara nyingi kama kisa cha kuchekesha. Kwa kweli ni hoja ya uhakiki. Mwili uliovunjwa na ajali ya basi, uliofungwa kwa vyuma na plasta, si mkutano wa ghafla wa vitu visivyohusiana. Vitu hivyo vilihusiana sana kwa mwenye mwili. Ajabu ilikuwa machoni pa mtazamaji mwenye afya.

Urejeshaji wa wanawake hao ulichukua muda mrefu. Mwaka 1971 Linda Nochlin alichapisha makala yaliyouliza kwa nini hapakuwa na wasanii wakuu wa kike, akalipeleka swali kwenye shule, vyama na sheria zilizowazuia wanawake badala ya kulipeleka kwenye vipawa vyao. Mwaka 1985 Whitney Chadwick akatoa kitabu kizima juu ya wanawake katika usurealisti. Mnamo 2021 na 2022 maonyesho makubwa ya New York na London yaliutandaza mkondo huo hadi nchi nyingi nje ya Ulaya. Katika mwaka huo wa 2022 maonyesho ya kimataifa ya Venice yalipewa jina la kitabu cha Carrington kilichoandikiwa watoto. Haya yote ni mema. Ila mlango ulipopanuliwa hivyo, watu wachache waliuliza kama kila aliyeingizwa alikuwa amebisha hodi.

Kiumbe cha ajabu katika lugha

Kabla ya kuwatazama wasanii wa Afrika ya Mashariki, yapasa lugha zao zitazamwe, kwa sababu mpaka kati ya halisi na ajabu hauchorwi mahali pamoja katika kila lugha. Chukua neno nguva. Nguva ni mnyama wa baharini anyonyeshaye, ambaye wavuvi wa pwani wanamfahamu. Nguva pia, katika simulizi za pwani hiyohiyo, ni kiumbe nusu mwanamke nusu samaki awezaye kumpoteza baharia. Neno ni moja, na upatanisho wa kisarufi ni mmoja: nguva ameonekana, nguva amezama. Msemaji wa Kiswahili halazimiki kueleza ni nguva yupi hadi hadithi yenyewe imlazimishe. Kile ambacho Breton alikitafuta kwa ilani, yaani kuondoa ukuta kati ya kilichoonwa na kilichowazwa, nomino hii imekitenda bila tangazo.

Neno zimwi lafunza jambo jingine. Kwa umbo limo katika ngeli ya li- na ya-, ngeli ambayo pia hubeba vitu vilivyozidi kimo. Lakini kwa kuwa ni kiumbe chenye uhai, msimulizi aweza kusema zimwi alikuja au zimwi lilikuja. Msimulizi hodari huutumia uhuru huo. Kiumbe anapoingia kama mgeni aliyevaa vizuri, mwenye kuposa, aweza kupewa a-. Ubaya wake ukidhihirika, hurudishiwa li-. Sarufi yenyewe humvua nguo. Katika Ekegusii zimwi ni rinani, wingi wake amanani, neno ambalo kwa kiambishi ri- na ama- limo katika ngeli iliyo ndugu wa ngeli hiyo ya Kiswahili. Mtoto wa Ekerenyo ajifunzapo Kiswahili shuleni hakutani na zimwi kama mgeni. Amekwisha kuwa na mahali pa kumweka.

Simulizi za mazimwi zimeenea katika Afrika ya Mashariki nzima. Msichana hukataa wachumba wa kijijini, akaolewa na mgeni mzuri, kisha hugundua kinywa cha pili kisogoni mwa mumewe. Zimwi humeza watu na ng'ombe, na linapouawa huagiza likatwe kidole, na humo wote waliomezwa hutoka wazima. Kwa Abagusii, kama kwa majirani zao, nyanya, ambaye kwa Ekegusii ni magokoro, alikuwa msimulizi mkuu wa ngano hizi, usiku, kazi za mchana zikiisha. Ukizichora picha hizo bila maelezo na kuzitundika Paris mwaka 1930, zingeitwa za kisurealisti mara moja.

Walakini zina jambo ambalo ilani ya 1924 haikulitaka. Kinywa cha kisogoni kina wajibu. Kipo ili msichana ajue kwamba mtu aweza kuwa na njaa asiyoionyesha mbele za watu. Kidole kikatwacho chasema kwamba kilichomezwa na mwenye nguvu chaweza kudaiwa na kurudishwa. Wasikilizaji wakiuliza kwa nini zimwi lilikuja, msimulizi hawezi kujibu kwamba lilikuja lenyewe kutoka katika sehemu ya akili isiyojitambua. Ana deni la jibu. Hiki ndicho kinachoitwa hapa kipimo cha Ekerenyo: ajabu hupimwa kwa wajibu wake mbele ya wanaoitazama, wala si kwa umbali wake na mantiki.

Yafaa kutahadhari hapa. Léopold Sédar Senghor aliwahi kutofautisha usurealisti wa Ulaya na ule wa Afrika kwa kusema kwamba wa Afrika umejengwa juu ya imani ya kiroho. Nia yake ilikuwa njema, lakini aliondoa jina moja kubwa na kuweka jingine kubwa zaidi. Bara zima likawa na ndoto moja. Kipimo cha Ekerenyo hakidai kwamba Waafrika wote huona ulimwengu kwa namna moja. Chataka tu kila umbo la ajabu liulizwe lilitumwa na nani, na kwa kazi gani.

Wasanii watatu

Rosemary Karuga alizaliwa mwaka 1928. Alisoma Makerere kati ya 1950 na 1952, katika shule ya sanaa iliyoanzishwa na Margaret Trowell mwaka 1937, akawa mwanamke wa kwanza kuhitimu huko. Baadaye alifundisha shuleni kwa miaka mingi nchini Kenya, na alirejea kwenye sanaa kwa nguvu zake zote akiwa amekaribia umri wa miaka 60. Kwa kuwa rangi zilikuwa ghali, alikata vipande vya karatasi za pakiti za unga na za sabuni, akavibandika hadi vikawa wanawake kazini, kuku, ng'ombe na ndege. Mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa Harlem, New York, miongoni mwa wasanii wa Afrika, naye alikuwa mwanamke pekee kati yao. Alifariki mwaka 2021.

Sanaa ya kukata na kubandika, yaani kolaji, ilikuwa mojawapo ya silaha za wasurealisti. Kwa sababu hiyo ni rahisi mwanafunzi kuandika katika mtihani kwamba Karuga ni tawi lao. Lakini kufanana kwa mbinu si kufanana kwa nia. Mkasi uliotumiwa Paris kuuvunja ulimwengu, Karuga aliutumia kuuunganisha. Karatasi yake ilikuwa imekwisha kubeba unga jikoni kabla ya kubeba picha. Ilitoka katika kazi ya mwanamke na ikarudi kuonyesha kazi ya mwanamke. Hapo hapana ndoto, pana uchumi wa nyumba. Na pale alipochora maajabu kwelikweli, alipokitengenezea picha kitabu cha Amos Tutuola cha mnywaji wa mvinyo wa mnazi, maajabu hayo yalitoka katika masimulizi ya Wayoruba ambayo Tutuola aliyafuata, hayakutoka katika ilani ya mtu.

Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972 na kusomea Wales na Marekani, ni kesi ngumu zaidi. Katika mfululizo wa picha 12 wa miaka ya mwanzo ya 2000 alichukua michoro ya vitabu vya tiba vya karne ya 19 iliyoonyesha magonjwa ya via vya uzazi vya wanawake, akabandika juu yake macho, midomo na vipande vya miili kutoka katika magazeti, hadi kila ugonjwa ukawa uso unaomtazama mtazamaji. Hapa vitu visivyohusiana vimekutana, na jina la usurealisti laonekana kustahili. Lakini ukiuliza swali la Ekerenyo, jibu lapatikana upesi. Daktari wa vitabu vile alimtazama mwanamke kama kiungo. Gazeti la mitindo lilimtazama kama ngozi. Na la picha za uchi likamtazama kama nyama. Mutu hakuvikutanisha vitu hivyo kwa ghafla. Vilikuwa na uhusiano tangu mwanzo, naye aliufichua. Hiki ni kinywa cha kisogoni: umbo zuri linalotazamwa limegeuka, na njaa ya anayelitazama imeonekana.

Mwaka 2014 Mutu aliyapa maonyesho yake ya London jina la Kiswahili, Nguva na Nyoka, na mwaka 2017 akafanya sanamu ya shaba nyeusi ya mwanamke wa majini. Mtazamaji wa London alihitaji kuelezwa maana ya nguva kwa mafumbo ya Kigiriki. Mtu anayejua Kiswahili alikuwa tayari na maana mbili katika neno moja. Hii ni nafasi adimu ambayo mhakiki wa Kiswahili hutangulia mbele ya mwenzake wa Ulaya, na ni ajabu kwamba nafasi hiyo haitumiwi sana. Mwaka 2019 sanamu zake nne za wanawake walioketi ziliwekwa katika vishubaka vya ukuta wa mbele wa Makumbusho ya Metropolitan, New York, ambavyo vilikuwa vitupu tangu mwaka 1902. Katika sanaa ya kale ya Ulaya na ya Afrika pia, mwanamke wa kuchongwa mara nyingi hubeba: paa, kiti cha mfalme, mtoto. Wanawake wa Mutu hawabebi kitu isipokuwa uzito wao wenyewe. Wanaomwona kuwa mrithi wa waotaji 16 wa mwaka 1929 wamesahau kwamba wanawake hao wana macho, na hawakuyafumba.

Wa tatu ni Magdalene Odundo, mfinyanzi, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950. Alikwenda Uingereza mwaka 1971, na katikati ya mwongo huo akajifunza pia huko Abuja, Nigeria, kutoka kwa wafinyanzi wa kike akiwemo Ladi Kwali. Vyungu vyake havitumii gurudumu. Huinuliwa kwa mkono, husuguliwa hadi ving'ae, na hutoka tanurini vikiwa vyekundu au vyeusi, vyenye shingo na matumbo kama ya mwanamke mjamzito. Mwaka 2022 viliwekwa katika maonyesho yale ya Venice yaliyobeba jina la kitabu cha Carrington. Si kosa kuviweka karibu na picha za ndoto, kwani jirani huweza kumfunza jirani. Ila mtazamaji akitoka akidhani kwamba tumbo la chungu ni ndoto, amepotezwa. Katika lugha nyingi za Afrika chungu kina mdomo, shingo na tumbo hata kikiwa cha kupikia mboga, na Kiswahili hakisemi vingine. Odundo hakubuni mfano huo. Aliuheshimu hadi ukawa sanaa.

Pingamizi mbili

Yawezekana kuambiwa kwamba kuwanyima wasanii hawa jina la usurealisti ni kuwarudisha katika zizi la mila, ambalo ni gereza baya kuliko Paris. Mutu amesoma Marekani, na mkasi wake una ukoo na ule wa Hannah Höch wa Ujerumani; kwa nini afungwe kwenye jiko la nyanya? Pingamizi hii ina uzito. Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili waijua, kwa kuwa riwaya za Euphrase Kezilahabi, Nagona (1990) na Mzingile (1991), nazo zimevutwa huku na huku kati ya majina ya Ulaya, ya Amerika ya Kusini na ya jadi. Jibu ni kwamba kipimo si asili. Kukopa mkasi si aibu, na kurithi ngano si kifungo. Kinachoulizwa ni kazi ambayo umbo limefanya baada ya kukopwa au kurithiwa.

Pingamizi ya pili ni kwamba kipimo cha Ekerenyo ni cha nyumbani tu na hakiwezi kusafiri. Na kijaribiwe basi kwa kikombe cha Oppenheim. Breton alikipa kikombe kile jina la mlo wa manyoya, kwa kuchezea jina la picha maarufu ya Édouard Manet iliyomweka mwanamke uchi kati ya wanaume waliovaa suti. Akakivuta hivyo kwenye kiti kilekile cha mwanamke aotwaye. Wengi wamekisoma hivyo tangu siku hiyo. Sasa kiwekwe mbele ya msomaji wa Ekerenyo, ambako chai ni zao la kuuza na pia ni heshima ya mgeni. Yeye hahitaji nadharia ya ndoto. Aona kikombe, kisahani na kijiko, vyombo vitatu vya ukarimu ambavyo kwa desturi huletwa na mkono wa mwanamke, navyo vimekataa kazi. Chai haiwezi kunywewa. Aliyezoea kuandaliwa ameketi, naye hana la kufanya ila kuutazama mkono ambao hakuwahi kuutazama. Usomaji huu haukudharau kikombe, umekirudishia mwenyewe. Vivyo hivyo wasichana wa Varo mnarani: kutarizi kwao si ndoto ya kazi, ni kazi yenyewe, na njia ya kutoroka imeshonwa kwa sindano ileile waliyopewa ili wakae.

Basi kipimo husafiri. Tena chasafiri kwa faida ya wanawake wa Ulaya wenyewe, ambao kwa muda mrefu walisomwa kwa ufunguo wa waume na rafiki zao.

Wasio na sahihi

Lakini kipimo ambacho huwapima wengine tu si kipimo cha haki, na yapasa kirudi nyumbani. Kutoka Mugirango ya Kaskazini hadi Mugirango ya Kusini ni safari isiyo ndefu, na huko Kusini ndiko Tabaka, mahali ambapo jiwe la sabuni la Kisii huchimbwa na kuchongwa. Sanaa hiyo imefika mbali. Elkana Ong'esa, mchongaji wa Tabaka, sanamu yake ya ndege ilifika hadi makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Kwa desturi ya kazi huko, wanaume huchimba na kuchonga, na wanawake huosha, hupiga msasa na maji, hupaka rangi na kung'arisha. Jiwe linapotoka kwa mchongaji lina makovu ya kisu. Ulaini ambao mnunuzi huusifu, ule umfanyao anyoshe mkono aguse, umetoka katika viganja vya mwanamke.

Jina lake halimo. Pale ambapo sanamu ina sahihi, sahihi ni ya aliyechonga. Historia ya sanaa inayohesabu majina haitamwona kamwe mwanamke huyu, hata ikiongozwa na wanaotetea wanawake, kwa sababu hakuna picha yake ya kutundikwa karibu na ya Carrington. Msimulizi wa ngano za amanani yumo katika hali hiyohiyo: kazi yake hutajwa kuwa mali ya jamii, maneno ambayo yasikika kama sifa lakini mara nyingi maana yake ni kwamba hakuna aliyeuliza jina. Karuga mwenyewe alikaribia kupotea njia hiyo. Kama mkono wake usingerudi kwenye mkasi uzeeni, angebaki kuwa mstari mmoja katika orodha ya wahitimu wa Makerere.

Hapa idara za lugha zina wajibu ambao idara za sanaa haziwezi kuutimiza peke yake. Kazi ya kusugua jiwe ina msamiati wake katika Ekegusii. Una msamiati pia ufinyanzi, ususi na ukandikaji wa kuta. Maneno hayo ni uhakiki uliokwisha kufanywa na wenye kazi: yatenganisha laini na laini zaidi, iliyokwisha na iliyoharibika. Mtafiti akiyakusanya pamoja na jina la aliyeyasema, kwa idhini yake, atakuwa ameandika ukurasa wa historia ya sanaa usioweza kuandikwa Paris wala Nairobi bila yeye. Asipoyakusanya, maneno yatakwenda na wenyewe, na mtu atakayekuja baadaye ataikuta kazi imenyamaza na kuibandika jina alitakalo.

Hitimisho

Usurealisti ulikuwa swali zuri lililoulizwa na watu waliochoshwa na mantiki ya vita, na wanawake waliolijibu vizuri kuliko wanaume wanastahili kusomwa katika kila chuo. Swali zuri, hata hivyo, si jina la ukoo. Karuga, Mutu na Odundo si wajukuu wa Breton waliochelewa kuandikishwa, wala hawahitaji kuwa hivyo ili wasomwe kwa heshima. Kila mmoja ameliita umbo lisilo la kawaida kwa sababu aliyoijua, na sababu hiyo yaweza kutafutwa katika karatasi ya unga, katika neno nguva, katika tumbo la chungu.

Mwanafunzi wa Ekerenyo atakayeketi katika darasa la historia ya sanaa ajifunze tarehe zote: 1924, 1929, 1936. Asizidharau. Lakini mbele ya kila picha ya ajabu aliyochora mwanamke, au aliyochorwa ndani yake mwanamke, aulize kama alivyouliza utotoni: zimwi hili limekuja kwa nini, na ni nani aliyelisimulia? Mwalimu asiyeweza kujibu swali la pili ndiye atakayekuwa na somo la kujifunza.